Tukiwaita Vijana kwa Ngoma, Tukae Tuwasikilize

Mtu akikaa siku chache katika vijiji vya Ugogo, kutoka Mpwapwa hadi Bahi, huenda akaliona jambo ambalo sasa limekuwa desturi. Alasiri gari huingia kijijini likiwa na vipaza sauti juu yake. Muziki wa kizazi kipya hupigwa mpaka mbuzi wakatawanyika. Vijana huacha shughuli zao wakaja uwanjani. Giza likishaingia, kitambaa cheupe hutundikwa, na picha ya sinema ikaonyeshwa, ama juu ya UKIMWI, ama ndoa za utotoni, ama upandaji wa miti. Fulana hugawiwa. Kijana mmoja huitwa mbele aeleze amejifunza nini, naye husema lile ajualo kuwa ndilo linalopendwa na wageni. Saa nne za usiku gari huondoka. Asubuhi yake uwanja umebaki na karatasi za pipi, na kijiji kimebaki kama kilivyokuwa.

Hatusemi haya kwa kuwabeza waletao magari hayo. Wengi wao ni watu wa nia njema, na mambo wanayoyahubiri ni ya kweli. Tena hapana mwenye akili atakayebisha kwamba muziki na sinema vina nguvu ya kuwavuta vijana kuliko hotuba zetu sisi wazee wa siasa. Kijana asiyeweza kuvumilia dakika 10 za mkutano wa hadhara atasimama saa 3 mbele ya jukwaa la muziki, wala hatachoka. Nguvu hiyo ipo. Swali tunalotaka kulitia mbele ya wasomaji wetu leo ni hili: nguvu hiyo ikishawakusanya vijana, yawapeleka wapi? Na je, yule aliyewakusanya yu tayari kuyasikia majibu yao?

Jibu letu, tuliseme mapema, ni kwamba wimbo na picha ya sinema peke yake havijapata kumbadilisha kijana yeyote awe mtu wa kuishughulikia jamii yake. Vimefaa pale tu palipofuatiwa na mambo mawili, yaani kikao ambamo kijana naye husema, na kazi ambayo mikono yake huishika. Hayo mawili yakikosekana, tumefanya tafrija tu, na tafrija si dhambi, lakini tusiiite maendeleo.

Kwa watu wa uwanda huu wa kati jambo hili si geni. Wagogo hawakungoja mtu kutoka mbali awafundishe kwamba wimbo ni shule. Nindo na msunyunho, zeze na marimba, na ile muheme ambayo ngoma zake hupigwa na akina mama wenyewe, vyote vilikuwa na mahali pake na wakati wake katika maisha ya watu. Mtoto aliimba pamoja na mama yake, na kijana aliimba pamoja na rika lake. Aliyekosea aliimbwa mbele ya watu, na aliyeimbwa alikuwa na nafasi ya kujibu kwa wimbo wake. Katika duara lile hapakuwa na watazamaji upande mmoja na wasanii upande wa pili. Kila aliyefika aliimba, na kila aliyeimba alijulikana nyumba yake na shamba lake. Ndiyo maana maneno yaliyoimbwa usiku yaliweza kumfuata mtu mchana.

Nchi yetu ilipokuwa Jamhuri mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere aliunda wizara mpya, akaiita Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Jina lile peke yake lilikuwa fundisho tosha, kwa kuwa utamaduni na vijana viliwekwa chini ya paa moja. Kwa miaka iliyofuata Ugogo ilitoa wana wake kwa kazi hiyo. Marehemu Hukwe Zawose, aliyetoka kijiji cha Doduma, aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu mwenyewe, akapiga zeze na marimba zake katika kikundi cha taifa, akafundisha katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, na kabla ya kufariki mwezi Desemba 2003 alikuwa amezipeleka sauti za Ugogo katika mabara mengi ya dunia. Marehemu Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, alishika gitaa badala ya zeze, na bendi yake ya Afro 70 ikaiwakilisha Tanzania katika tamasha kuu la sanaa za watu weusi mjini Lagos mwaka 1977. Twaona fahari juu yao. Lakini tukiri pia kwamba taifa lilipozichukua sauti hizi likazipandisha jukwaani, lile duara lenyewe liliachwa kijijini. Mgogo aliyekuwa mwimbaji akawa mtazamaji wa Mgogo mwenzake.

Historia ya sinema nayo ina mafunzo kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza picha za sinema za kuwafundisha Waafrika wa Afrika ya Mashariki. Picha zikatengenezwa juu ya kilimo, maradhi, kodi na kuweka akiba, zikatembezwa kwa gari kutoka mji hadi mji. Watu walikusanyika kwa maelfu, kwa kuwa wengi hawakuwa wameona sinema maishani mwao. Lakini yaliyosemwa katika picha zile yalikuwa yameamuliwa na wengine. Mwafrika alionyeshwa makosa yake kisha akaonyeshwa mwalimu wake. Hakuulizwa kwa nini analima kama anavyolima, wala hakuulizwa kodi ile yamwelemea namna gani. Jaribio likaisha baada ya miaka michache, na picha zake hazikuacha alama kubwa katika mashamba yetu.

Tazameni sasa jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa huku Tanganyika picha za Kiswahili zenye wachezaji Waafrika, mojawapo ikiitwa Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952. Ilikuwa hadithi ya mtu wa shamba aingiaye mjini Dar es Salaam na yale yaliyompata huko. Aliyecheza nafasi ya kwanza alikuwa kijana mtumishi wa maendeleo ya jamii, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyokuwa na mkono katika picha zile, nayo ilikuwa na makusudi yake. Lakini kijana yule hakukomea kwenye kitambaa cheupe. Alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, akawaongoza watumishi wa Serikali, kisha wafanyakazi wa nchi nzima, na mwaka 1962, miaka 10 tu baada ya picha ile, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hatusemi kwamba sinema ndiyo iliyomfanya Kawawa awe kiongozi. Twasema kinyume chake. Sinema ilimpa uso unaojulikana, bali chama cha wafanyakazi ndicho kilichompa kazi ya kufanya. Bila vikao vile vya watumishi, angebaki mchezaji hodari ambaye wazee wangemkumbuka kwa kucheka.

Baada ya Uhuru sisi wenyewe tukaanzisha Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na miongoni mwa kazi zake za miaka ya 1970 ni picha iitwayo Fimbo ya Mnyonge, iliyowasihi vijana waache kutangatanga mijini warudi kuvijenga vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa njema. Lakini vijana hawakuacha kumiminika mijini, kwa sababu kilichowatoa kijijini hakikuwa ukosefu wa picha ya sinema. Kilikuwa njaa ya kiangazi, upungufu wa ardhi yenye maji, na kutokuwa na kauli katika kikao cha wazee. Picha iliwaambia warudi, lakini haikuwauliza walikimbia nini.

Huenda msomaji akatuambia kwamba hayo ni maoni tu, na kwamba nguvu ya wimbo au mchezo haiwezi kupimwa. Kwa bahati, imekwisha kupimwa, na iliyotumiwa kuwa kipimo ni Dodoma hii hii.

Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo uitwao Twende na Wakati. Ulikuwa mchezo wa redio, ambao ni ndugu wa sinema kwa kuwa nao husimulia maisha ya watu kwa sauti na visa. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo cha safari yake, na mkewe Tunu, aliyejifunza kidogo kidogo kujitegemea. Mkwaju mwishowe aliuawa na UKIMWI. Sehemu kubwa ya nchi iliusikia mchezo huo. Lakini kituo cha Dodoma kilikuwa kikirusha vipindi vyake chenyewe kwa wakati ule, kwa hiyo watu wa huku hawakuusikia mpaka mwaka 1995. Wachunguzi wakapata nafasi ya kulinganisha. Katika sehemu zilizousikia, watu waliofika kliniki kutaka mafunzo ya uzazi wa mpango waliongezeka, na wengi walieleza kwamba wamebadili mwenendo kwa kuogopa UKIMWI. Huku kwetu, katika muda uo huo, hali haikusogea hivyo. Mchezo ulipoanza kusikika Dodoma, huku nako mabadiliko yakaanza kuonekana.

Hesabu hiyo yatupa mambo mawili ya kufikiri. La kwanza ni la kuumiza. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi hupita Dodoma, na akina Mkwaju wa kweli walikuwa wakilala hapa kila usiku. Kwa miaka 2 vijana wa mikoa mingine walisikia kisa kilichowaonya, nao wa kwetu hawakusikia. Asiyeamini nguvu ya sanaa na alifikiri hilo. La pili ni kubwa zaidi kwa shauri letu la leo. Wachunguzi hao waliona kwamba jambo lililowabadilisha watu zaidi halikuwa redio kwa yenyewe. Mchezo uliwapa watu mada, wakaanza kuzungumza. Mume alizungumza na mkewe jambo ambalo zamani lilikuwa aibu kulitaja, na rafiki alimwuliza rafiki. Mkwaju alisemwa dukani na kisimani kama mtu wa kijiji cha pili. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyofanya kazi. Redio ilikuwa njiti ya kiberiti, na kuni zilikuwa ni watu wenyewe.

Wazee wetu wa elimu ya watu wazima walikwisha kulijua jambo hili miaka 20 kabla. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kila juma redio ilitoa kipindi chake, lakini hakuna aliyeachwa akisikilize peke yake kisha aende zake. Vilipangwa vikundi nchi nzima, kila kimoja na kiongozi wake na kitabu chake. Baada ya kipindi wanakikundi walijadiliana: maradhi gani yatusumbua hapa, yatoka wapi, na sisi tutafanya nini juma hili? Kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi ya maji. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Waliosikiliza redio tu katika nchi yetu ni wengi kuliko hao, lakini vyoo vilichimbwa na wale waliokaa kikaoni.

Mwaka 1971, wakati wa Operesheni ya kuhamia vijijini mkoani humu, Mwalimu alikwenda Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Mengi yanaweza kusemwa juu ya Operesheni ile, mazuri na machungu. Lakini kijana aliyeimba huku akifyatua tofali karibu na Rais wake alijua wimbo wake wahusu nini. Leo pale pale Chamwino hufanyika tamasha la muziki wa Cigogo, nasi twalipongeza kwa sababu waimbaji wake ni wenyeji, tena vikundi vya watoto wa shule huimba pamoja na wazee wao. Huo ni msingi mzuri wa kujenga juu yake.

Baada ya kusifu nyimbo za asili, hatuna budi kusema neno gumu ambalo wapenzi wa utamaduni aghalabu hulikwepa. Si kila wimbo wa jadi ulimwelekeza kijana kwenye heri. Nyimbo zilizomwingiza kijana katika utu uzima zilimfundisha adabu, uvumilivu na heshima kwa wakubwa, lakini kwa upande wa wasichana ziliandamana na kisu. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliokeketwa walikuwa 10 katika kila 100. Kwa mkoa wa Dodoma walikuwa 47. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi kwa nchi nzima imeshuka hadi 8, na mkoa wetu nao umepiga hatua. Lakini tusijidanganye. Sheria ya mwaka 1998, iwapayo wakeketaji wa watoto kifungo cha miaka 5 hadi 15, iliwatia hofu wengi wasifanye sherehe za hadhara. Wengine wakaanza kuwakeketa watoto wachanga kwa siri, kwa kisingizio cha ugonjwa uitwao lawalawa, ambao kwa kweli ni maradhi ya kawaida ya njia ya mkojo na sehemu za siri, nayo hutibika kwa usafi na dawa ya zahanati.

Tazameni basi jinsi mambo yalivyogeuka. Zamani kisu kilikuwa na wimbo, na ulipopigwa ngoma kila mtu alijua kinachofanyika. Sasa wimbo umenyamaza, kisu kimebaki. Gari lenye vipaza sauti haliwezi kuingia katika chumba cha giza ambamo nyanya amemshika mjukuu wake wa miezi 6. Anayeweza kuingia ni binti wa nyumba ile ile, au mama yake mzazi, ikiwa amepata mahali pa kulisema jambo hili bila kuonekana mkosefu wa adabu. Mahali hapo ni kikundi cha muheme. Akina mama walioimba zamani kwa ajili ya kumtoa mwali ndio hao hao wenye haki ya kuimba leo kwamba mwali atolewe bila kukatwa, na kwamba lawalawa si laana. Mgeni akiliimba neno hili ni tusi, bali mwenyeji akiliimba ni shauri. Si jambo jipya kwamba sherehe ihifadhiwe na lenye madhara liondolewe. Huko Masasi, Askofu Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana alikataa kuipiga marufuku jando moja kwa moja. Aliwashirikisha wazee, wakaitengeneza upya kwa namna waliyoona yafaa. Watu wamebishana sana juu ya kazi yake, lakini alielewa kwamba huwezi kumnyang'anya kijana shule yake usimpe nyingine.

Hapo ndipo tunapofika kwenye shina la shauri letu. Kijana akipewa kikao, atasema. Na akisema, hatasema yale tu tunayotaka kuyasikia.

Sisi tuandikao katika gazeti la chama yatupasa kuwa wa kwanza kukiri udhaifu wetu. Vikundi vya muziki vya siasa katika nchi hii, tangu enzi za TANU mpaka Tanzania One Theatre iliyoundwa mwaka 1992 na kuongozwa na marehemu Kapteni John Komba, vimekuwa na sauti tamu na mchango mkubwa katika kuwaunganisha watu. Lakini vimejua kusifu kuliko kuuliza. Wakati huo huo vijana wa muziki wa kizazi kipya walikuwa wakiuliza maswali ambayo sisi hatukuyauliza. Mwaka 2001 Profesa Jay aliimba Ndiyo Mzee, akiwakejeli wanasiasa watoao ahadi wasizoweza kuzitimiza. Nchi nzima ilicheka, na wengi wetu tulicheka kidogo kuliko wengine. Miaka 14 baadaye mwimbaji huyo, Joseph Haule, alikuwa Mbunge wa Mikumi akiingia katika ukumbi wa Bunge hapa Dodoma kwa tiketi ya chama cha upinzani. Mwenzake Joseph Mbilinyi, aitwaye Sugu, alikuwa ameingia tangu mwaka 2010 kwa ajili ya Mbeya Mjini. Na kwa upande wa Chama Cha Mapinduzi, Hamis Mwinjuma, ambaye vijana humwita Mwana FA, alichaguliwa Muheza mwaka 2020, kisha mwaka 2023 akawa Naibu Waziri wa sanaa na michezo. Basi hapana haja ya kubishana kama muziki na uongozi wa jamii ni ndugu. Ni ndugu, wameketi kwenye viti vya Bunge.

Lakini kumbukeni pia mwezi Machi 2017. Mwanamuziki Ney wa Mitego alitoa wimbo uitwao Wapo, akiwagusa wenye mamlaka. Alikamatwa na polisi, na Baraza la Sanaa likaupiga wimbo marufuku. Siku iliyofuata Waziri mwenye dhamana alitangaza hapa Dodoma kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo huo, ameagiza mwimbaji aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia, nasi twasema kwamba kuachiwa kwake kulikuwa haki. Lakini mtu mwenye kufikiri hujiuliza: je, kama Rais asingeupenda? Uhuru wa kijana kusema hauwezi kutegemea sikio la mtu mmoja, hata awe mkubwa namna gani. Haufai kuwa fadhili. Sharti uwe desturi, ijulikane mapema na mwimbaji, na askari, na ofisa wa utamaduni, kwamba wimbo usiomtukana mtu faragha yake wala kuchochea damu hauna kesi ya kujibu, ijapokuwa wauma.

Wako watakaosema kwamba tukifungua mlango huo vijana watatumiwa na watu wabaya. Hofu hiyo twaielewa, wala hatuidharau. Lakini twawauliza: kijana aliyenyimwa kikao cha wazi huacha kufikiri? Ana simu mkononi. Ataangalia picha na kusikiliza nyimbo usiku kucha peke yake, na hapana mzee wala mwenzake atakayemwuliza ameelewa nini. Akitumiwa, atatumiwa akiwa peke yake. Kikao ndicho kinga, kwa kuwa ndani yake uongo hukutana na mtu wa kuupinga.

Dodoma ya leo si ile ya zamani. Chuo Kikuu kimekuwapo tangu mwaka 2007, Serikali ilitangaza kuhamia rasmi mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3 katika mkoa huu, na wengi wao ni vijana. Kijana wa Chuo Kikuu na kijana mchunga ng'ombe wa Bahi wanaishi mwendo mfupi wa basi kati yao, na huenda wanaupenda wimbo mmoja, lakini hawajakaa kikao kimoja. Kwa hiyo twashauri mambo manne, wala hapana hata moja lenye gharama kubwa.

Kwanza, kila shirika au idara itakayo kuonyesha sinema au kufanya tamasha la vijana na itenge kwa kikao muda sawa na ule wa onyesho. Picha ya saa moja ifuatiwe na saa moja ya mazungumzo, katika makundi madogo ambamo hata mwenye haya aweza kusema, wasichana wakiwa na kundi lao wakitaka. Kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, na zipunguzwe fulana.

Pili, kikao kisifungwe bila kazi moja iliyokubaliwa na vijana wenyewe: kisima kisafishwe, zahanati iulizwe kwa nini dawa haipo, mabinti walioacha shule watafutwe. Iwe kazi moja tu, lakini ifanyike, na ijulikane nani ataitazama baada ya mwezi.

Tatu, vijana na watengeneze nyimbo na picha zao wenyewe. Siku hizi simu ya mkononi hupiga picha za sinema, na wanafunzi wa Chuo Kikuu wanaweza kwenda vijijini kuwafundisha wenzao ufundi huo, nao wakajifunza zeze na lugha. Wimbo juu ya lawalawa na uimbwe kwa Kigogo, Kinyaturu au Kirangi, na wale walio na haki ya kuuimba. Wasanii wa kijiji nao walipwe kama wasanii wa mjini wanavyolipwa, kwa kuwa kazi ni kazi.

Nne, na hili latuhusu sisi viongozi, kila swali litakaloulizwa na vijana katika vikao hivyo lipate jibu kutoka kwa mwenye dhamana, hata kama jibu ni kwamba jambo hilo haliwezekani mwaka huu. Kijana huvumilia kuambiwa hapana. Asichovumilia ni kuitwa kwa ngoma, akasema, kisha asisikie kitu.

Tumesema kwamba katika duara la wazee wetu aliyeimbwa alikuwa na nafasi ya kujibu, naye alijibu hapo hapo, mbele ya watu, kwa maana asiyejibu alionekana ameshindwa. Sisi wenye vyeo tumezoea kuimbiwa sifa, na sasa yatupasa kujizoeza upya kuimbwa. Kwa hiyo, kabla gari jingine halijatumwa Bahi au Mpwapwa na vipaza sauti vyake, na atumwe kwanza mtu mmoja mwenye daftari, asiye na haraka ya kurudi mjini, akae na vijana chini ya mbuyu awaulize wangependa wimbo huo useme nini.